MSONGO WA MAWAZO SI WA AINA MOJA: UJUE ULIO NAO KABLA YA KUTAFUTA DAWA

 

Leo katika safu yetu ya afya tunazungumzia jambo ambalo limeingia karibu kila nyumba, nalo ni msongo wa mawazo. Hebu tuanze na mfano wa nyumba moja ya kawaida. Baba ana mkopo na siku ya rejesho ni Ijumaa. Mama amefiwa na mama yake mzazi miezi miwili iliyopita, na hadi leo akisikia harufu ya udi hulia. Binti yao wa kidato cha nne anangoja mtihani wa Novemba na hali vizuri. Mjomba aliyekuja kukaa nao hana deni, hakufiwa wala hana mtihani, lakini kila kitu kimemchosha, hata kuoga, na sasa wiki ya tatu hatoki chumbani. Ukiwauliza wote wanne wana nini, utapata jibu moja: "Nina mawazo tu." Na wote wanne watapewa ushauri mmoja: "Mwombe Mungu, yatapita."

Ushauri huo si mbaya. Dua ni silaha ya Muumini na hakuna anayeponya ila Allah (s.w.). Kasoro yake ni kuwa mara nyingi anayeutoa anakuwa anafunga mazungumzo. Hakuuliza ni mawazo gani, yameanza lini, wala yanahusu nini. Ni sawa na mgonjwa kwenda zahanati akasema "naumwa", na mganga akampa panadol bila kumuuliza anaumwa wapi. Na vibaya zaidi ni pale yatakapokuwa hayajapita, kisha mtu huyo huyo akarudi na kusema kuwa imani yako ni ndogo. Hapo mgonjwa anaongezewa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

MSONGO NI NINI HASA

Neno lenyewe linajieleza. Ugali husongwa mpaka ukashikana, watu husongamana kwenye daladala, na mtu husongwa na mambo mpaka akakosa pa kupumulia. Kitaalamu, msongo si yale mambo yenyewe yanayotupata, bali ni namna mwili na akili vinavyoyapokea. Mtaalamu Hans Selye, aliyefanyia utafiti wake mjini Montreal, Kanada, aliandika mwaka 1936 kuwa wanyama wa maabara waliotaabishwa kwa njia tofauti, wengine kwa baridi, wengine kwa majeraha na wengine kwa kazi nzito, walionyesha mabadiliko ya aina moja mwilini. Akaeleza kuwa mwili kwanza hushtuka, kisha hujikaza na kustahimili, na taabu isipokoma mwisho huishiwa nguvu.

Mshtuko ule wa kwanza ni neema. Tuseme bodaboda imepita kwa kasi hatua moja kutoka kwa mwanao. Kabla hujafikiri lolote, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zako zimekwishamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unapiga mbio, sukari inatolewa ili misuli ipate nguvu, mdomo unakauka, tumbo linaacha kwa muda kazi ya kusaga chakula. Umemvuta mtoto, bodaboda imepita, na baada ya dakika kadhaa mwili umetulia. Allah (s.w.) ametuumba hivyo ili tuokoke.

Sasa mwili huo huo hauna namna nyingine ya kupokea ujumbe wa simu wa mkopeshaji. Unashtuka vile vile. Tofauti ni kuwa bodaboda hupita, ilhali deni linalala na wewe na kuamka na wewe. Tezi zile huendelea kutoa homoni nyingine iitwayo kortisoli, na ikikaa juu kwa wiki na miezi huleta madhara: usingizi hukatika usiku wa manane, kinga ya mwili hudhoofika, sukari ya mwenye kisukari hupanda, hedhi hubadilika siku zake, na hamu ya tendo la ndoa hupungua hadi wanandoa wakaanza kushukiana mambo yasiyokuwepo. Hasira nazo huwa karibu. Mtoto aliyemwaga chai hupigwa kipigo ambacho si chake.

HABARI YA PRESHA NA VIDONDA VYA TUMBO

Kabla hatujaendelea, tusahihishe mambo mawili yaliyozoeleka mitaani.

La kwanza ni "presha". Watu wetu husema "nimepata presha" wakimaanisha wamepata hofu au wasiwasi. Ni kweli hofu hupandisha shinikizo la damu kwa muda. Lakini ugonjwa wa shinikizo la juu la damu ni jambo jingine. Huo hujulikana kwa kupimwa, na vipimo vikionyesha 140 kwa 90 au zaidi kwa siku zaidi ya moja ndipo daktari husema una ugonjwa. Wengi wenye ugonjwa huo hawasikii chochote, wala hawana mawazo. Kwa hiyo usiseme "mimi sina presha kwa sababu sina mawazo", na wala usitumie dawa za presha za jirani kwa sababu moyo umekwenda mbio. Nenda ukapime.

La pili ni vidonda vya tumbo. Karibu kila mtu atakuambia vinaletwa na mawazo. Hata madaktari walisema hivyo kwa miaka mingi, mpaka Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walipogundua kuwa vingi vinasababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori anayeishi tumboni. Marshall hakuaminiwa, hivyo mwaka 1984 alikunywa mwenyewe bakteria hao, akaugua tumbo, kisha akajitibu. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama aspirin na diclofenac zinazomezwa ovyo. Msongo unaweza kuzidisha maumivu, lakini ukiambiwa "punguza mawazo" ilhali una bakteria, utaumwa miaka kumi bila sababu. Bakteria huyo hupimwa, na hutibiwa kwa dawa za hospitali ndani ya wiki mbili hivi.

UISLAMU ULITENGANISHA ZAMANI

Turudi kwa wale watu wanne. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akizidisha dua ya kujikinga na mambo manane. Mawili ya mwanzo ni ham na huzn, na mawili ya mwisho ni uzito wa deni na kuonewa na watu. Katikati yake umetajwa unyonge, uvivu, ubahili na woga. Waislamu wengi tumeihifadhi dua hii tangu madrasa, lakini hatukai tukajiuliza kwa nini vitu hivi vimetajwa kimoja kimoja na havikuitwa "mawazo" tu.

Wanazuoni, akiwemo Ibnul Qayyim (aliyefariki mwaka 1350), wamefafanua: huzn ni majonzi ya jambo lililopita, ham ni wasiwasi wa jambo lijalo, na ghamu ni dhiki ya jambo ulilo nalo sasa. Ndugu msomaji, kipimo hiki ni chepesi na hakihitaji mashine. Ukijisikia umesongwa, jiulize: je, kinachonitesa kimekwishapita, hakijafika, au kipo mezani leo? Mama wa nyumba yetu anateswa na kilichopita. Binti anateswa na kisichofika. Baba kipo mezani.

Na mjomba je? Huyu naye hakusahauliwa. Tabibu Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa karibu na Balkh katika nchi ambayo leo ni Afghanistan na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na afya ya nafsi. Humo alieleza kuwa huzuni ni za namna mbili: yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na isiyo na sababu inayojulikana, ambayo asili yake imo mwilini na inahitaji tiba ya mwili. Hayo yaliandikwa na Mwislamu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na bado leo kuna wanaodhani kuwa kumpeleka mtu hospitali kwa ajili ya huzuni ni mambo ya Kizungu.

BINTI: WASIWASI WA KISICHOFIKA

Kwa huyu tusikae sana. Msongo kiasi kabla ya mtihani una faida. Humwamsha mwanafunzi na kumfanya afungue daftari. Selye mwenyewe baadaye alitenganisha msongo unaojenga na ule unaobomoa. Unabomoa pale unapomzuia kulala na kula. Kukesha usiku kucha na kahawa hakumsaidii, kwa sababu aliyojisomea hukaa vizuri kichwani akilala. Na kahawa ya jioni hukaa mwilini kwa saa nyingi: baada ya saa tano hivi karibu nusu yake bado imo. Mtume (s.a.w.) hakupenda mazungumzo baada ya Isha. Basi binti naye azime simu, alale, aamke Alfajiri akisome kile alichopanga.

Wasiwasi wa mambo yajayo huongezeka ukiachwa uzunguke kichwani. Mwambie auandike. Upande mmoja aweke yale anayoweza kuyafanyia kitu, kama vile sura tatu za Baiolojia ambazo hajazipitia. Upande wa pili aweke yale asiyoyaweza, kama maswali gani yatakuja. Ya upande wa kwanza apangiwe siku. Ya upande wa pili ndiyo ya kumkabidhi Allah (s.w.), na huko ndiko kutawakali kwenyewe. Wazazi nao waache kumlinganisha na mtoto wa jirani.

Na pale moyo unapokwenda mbio, avute pumzi taratibu kwa pua akihesabu nne, aitoe polepole akihesabu sita, kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mapigo ya moyo. Anaweza kuhesabu kwa dhikri badala ya namba.

MAMA: MAJONZI YA KILICHOPITA

Huyu anahitaji kwanza kuambiwa kuwa kulia kwake si kasoro ya imani. Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim. Mwaka aliofiwa na Bi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib umeitwa katika sira Mwaka wa Huzuni. Nabii Yaaqub (a.s.) alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, kama inavyosimuliwa katika Surat Yusuf, na hakuvuliwa Utume kwa hilo. Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa kupiga mayowe, kuchana nguo na kusema maneno ya kumlaumu Mola. Na tazama jambo moja katika kisa cha Nabii Yaaqub: akiwa katika huzuni ile ile, aliwaagiza wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake. Aliomboleza, aliomba, na alituma watu.

Majonzi ya kufiwa hayatibiwi siku moja. Huja kama mawimbi, yakipungua taratibu kadiri miezi inavyopita. Udi, wimbo wa kasida, sahani aliyokuwa akilia marehemu, vyote huweza kuyaamsha, na hayo ni ya kawaida. Mfiwa asaidiwe kula, kulala na kutoka nje, na aachwe amzungumzie marehemu bila kukatizwa. Wengi wetu husema "nyamaza, usijikumbushe". Hajasahau, kwa hiyo humkumbushi chochote.

Hapa niseme neno ambalo huenda halitawapendeza wote. Alipouawa Ja'far bin Abi Talib (r.a.) katika vita vya Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliagiza watu waipikie chakula familia ya Ja'far, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Majirani wawapikie wafiwa. Kwetu mara nyingi imegeuka: wafiwa ndio wanaowapikia majirani, tena pilau, tena nyama ikikosa chumvi inasemwa. Mchele umekopwa dukani, maturubai na viti vimekodiwa, na watu wakishatawanyika, mfiwa anabaki na majonzi yake pamoja na daftari la madeni. Majonzi ameyaleta Allah (s.w.) na yana ujira. Hilo daftari tumelileta sisi.

Mama huyu ana jambo la pili. Anaamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua vya biashara, anaandaa watoto, anakwenda sokoni, anarudi kupika, anafua, na kulala ni saa sita usiku. Huu ni msongo wa kuzidiwa na kazi, na hauna uhusiano na msiba. Salman al-Farisi (r.a.) alimkuta Abu Dardaa (r.a.) amezama katika funga na kisimamo cha usiku hadi mkewe amesahauliwa, akamweleza kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake na watu wake pia wana haki. Mtume (s.a.w.) akasema Salman amesema kweli. Ikiwa hata ibada ya sunna haitakiwi kuumaliza mwili, sembuse vyombo? Mtume (s.a.w.) mwenyewe, kwa mapokezi ya Bi Aisha (r.a.), alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake. Baba anaweza kuteka maji na mtoto wa kiume anaweza kuosha sufuria bila kupungukiwa kitu.

BABA: KILICHOPO MEZANI

Deni ndilo limevunja nyumba nyingi katika miaka hii. Ile mikopo midogo ambayo wenyewe mitaani wameipa jina la "kausha damu" huchukuliwa asubuhi kwa kubonyeza simu au kwa kuacha kadi ya benki, na riba yake huanza kula kesho yake. Uharamu wa riba tunaujua sote. Hapa tunasema upande wa afya: mtu mwenye deni la siri yuko katika mshtuko ule wa bodaboda saa ishirini na nne. Simu ikilia anaruka. Halali. Anakwepa msikiti kwa sababu mdai wake husali hapo hapo.

Katika Sunan Abu Dawud imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akamkuta Abu Umama, mtu wa Ansari, amekaa peke yake wakati usio wa Swala. Akamuuliza ana nini. Akajibu kuwa ni mahangaiko na madeni, ndipo akafundishwa dua. Baadhi ya wanazuoni wa hadithi wana maneno juu ya mlolongo wa wapokezi wa riwaya hiyo, ila dua yenyewe ya kujikinga na ham, huzn na uzito wa deni imethibiti kama tulivyoeleza. Katika kisa hiki kuna somo la afya: alimwona mtu mahali na wakati usio wake, akamuuliza. Imamu na kamati ya msikiti, mnamwona nani amekaa peke yake saa nne asubuhi?

Baba wa nyumba yetu, dua aisome, na pamoja nayo afanye haya. Aandike madeni yote kwenye karatasi moja: anadaiwa na nani, kiasi gani, lini. Wengi huogopa karatasi hiyo, na baada ya kuiandika hukuta deni ni dogo kuliko lilivyokuwa likionekana usiku, au angalau lina mwisho. Kisha amwambie mke wake. Hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo linaloshusha mzigo haraka. Siri ya deni humfanya mke adhani kuna mwanamke mwingine. Halafu awaendee wadai kabla hawajamfuata, aombe muda na ataje kiasi anachokiweza. Qur'an katika Surat Al-Baqara imemwelekeza mdai ampe muda mwenye dhiki mpaka apate wepesi, kwa hiyo kuomba muda si aibu. Pia wenye madeni ni miongoni mwa makundi manane ya wanaostahiki Zaka katika Surat At-Tawba. Msikiti unaokusanya Zaka na kuwapa masikini tu bila kuwafikiria wadaiwa ujitazame upya. Na asichukue mkopo wa pili kulipa wa kwanza.

Wakati akiyashughulikia hayo, mwili nao usaidiwe kutoa ile sukari na adrenalini iliyomwagwa bure. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo. Kwenda na kurudi msikitini kwa miguu, dakika kumi na tano kwa Alfajiri na kumi na tano kwa Magharibi, kunamaliza hesabu hiyo kwa siku tano. Hasira ikipanda, Sunna imefundisha aliyesimama akae, na isipoondoka alale. Mtu aliyekaa ni vigumu kurusha kofi. Sigara, miraa na vidonge vya usingizi vinavyouzwa kimya kimya dukani haviondoi deni. Vidonge kama diazepam humfanya mtu avizoee, na akiviacha ghafla hukosa usingizi kuliko mwanzo.

WALIOPITIA BALAA KUBWA

Kuna aina nyingine ambayo haimo katika nyumba yetu ya mfano, lakini imo katika nyumba nyingi nchini. Mei 21 mwaka 1996 ilizama MV Bukoba karibu na Mwanza. Septemba 10 mwaka 2011 ilizama MV Spice Islander ikitoka Unguja kwenda Pemba. Wapo waliookoka wakiwa wazima wa viungo, wakarudi majumbani, na watu wakasema Alhamdulillah, yamekwisha. Lakini mtu aliyeponea kifo katika meli, gari, moto au mafuriko, au aliyeingiliwa kwa nguvu, anaweza kuendelea kuliona tukio lile kama linatokea sasa. Huota ndoto za kutisha, hushtuka kwa mlio mdogo, hukwepa mahali au watu wanaomkumbusha. Hiki huitwa kiwewe. Yakiendelea zaidi ya mwezi mmoja anahitaji mtaalamu, na wapo wanaopona vizuri hata baada ya miaka mingi. Asilazimishwe kusimulia mbele ya wageni kila anapotembelewa. Asimulie akitaka, kwa anayemwamini.

MJOMBA: HUYU NI MGONJWA

Mtu akikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na kutwa nzima, hana furaha na hata yale aliyoyapenda hayamvutii, akawa halali au analala mno, hali au anakula kupita kiasi, anajiona hafai, hawezi kukaza fikra, hiyo si tabia wala uvivu. Ni ugonjwa wa sonona. Huwapata wanaume, wanawake, vijana, na akina mama waliojifungua karibuni. Huwapata pia watu wa msikitini, wenye kuhifadhi Qur'an na wenye mali.

Kisomo cha Qur'an na ruqya ya kisharia si kitu cha kuachwa, na hakigombani na dawa. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu aliwaamrisha wajitibu, akaeleza kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Kilicho hatari ni kumpeleka mtu kwa mganga akafungwa kamba, akachapwa "ili jini atoke", akanyimwa chakula, na dawa zake za hospitali zikatupwa. Huko si kutibu, na waliokufa mikononi mwa watu wa namna hiyo wapo.

Akikuambia maneno kama "bora nisingekuwepo" au "mtapumzika nikiondoka", usimkemee kwa kumtajia Moto. Anajua kuwa kujiua ni haramu, na pengine hilo ndilo limemzuia mpaka leo. Muulize waziwazi kwa upole kama amefikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kulisema. Usimwache peke yake, ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa za shamba, kamba na vidonge vilivyobaki, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kwa hali isiyo ya dharura, anzia zahanati au kituo cha afya, kisha mtapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au mkoa. Huduma za ngazi ya juu zipo Muhimbili mjini Dar es Salaam, Mirembe mjini Dodoma, na Kidongo Chekundu kwa walioko Zanzibar. Majina hayo yamefanywa matusi mitaani, ndiyo maana watu hungoja mpaka mgonjwa avue nguo barabarani ndipo wampeleke. Wengi wanaotibiwa huko huingia asubuhi, wakazungumza na daktari, wakarudi nyumbani kula chakula cha mchana na watoto wao.

Anayemsindikiza ahakikishe anamweleza daktari hali ilianza lini, mgonjwa analala saa ngapi, na dawa zote anazotumia, za miti shamba zikiwemo. Akipewa dawa za sonona, familia ijue kuwa hazifanyi kazi kesho yake. Huchukua wiki mbili hadi nne ndipo nafuu ianze kuonekana, na pengine zaidi, na wiki za mwanzo anaweza kusikia kichefuchefu au usingizi. Wengi huziacha hapo wakidhani hazifai. Wengine huziacha baada ya miezi miwili kwa sababu wamepona, na ugonjwa hurudi. Zisiachwe bila daktari kusema, na akiona zinamsumbua arudi akabadilishiwe. Tarehe ya kurudi iandikwe mahali ambapo mtu mwingine nyumbani ataiona, kwa sababu siku hiyo ikifika mgonjwa mwenyewe anaweza kusema hajisikii kwenda.